Kabla ya Kuongeza, Jumlisha: Poda za Lishe na za Mazoezi

Anayezungumza nanyi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii kutoka hapa Buyangu, pembeni mwa msitu wa Kakamega.

Leo tutazungumza juu ya poda. Sio ile ya kumpaka mtoto baada ya kuoga! Nina maana ya poda na unga tunaotia kwenye uji, maziwa au maji ili tupate nguvu, tunenepe, tujenge misuli au tuongeze damu. Ziko za mikebe mikubwa kutoka ng'ambo, ziko za pakiti ndogo tunazopewa kliniki, na ziko zetu za nyumbani: unga wa mlonge, unga wa omena, soya, na ule wa mukombero.

Sikuja kuwaambia kwamba poda zote ni mbaya. Nyingine zimesaidia watoto wetu sana. Shida huanza pale mtu mmoja anapotumia tatu au nne kwa siku, kila moja kwa ushauri wa mtu tofauti, na hakuna aliyekaa chini kuzijumlisha. Kwa hiyo shikeni neno hili moja la leo: kabla ya kuongeza, jumlisha.

KIJANA WA MIKEBE MITATU

Siku moja alikuja kituoni kijana wa bodaboda, mwenye afya ukimtazama kwa macho. Alilalamika kwamba moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka, na usiku usingizi hauji. Nilipompima, mapigo ya moyo yalikuwa 118 kwa dakika, naye ameketi tu. Kawaida ya mtu mzima aliyetulia ni kati ya 60 na 100. Tulimpima malaria, hakuwa nayo. Nikamuuliza anatumia dawa gani.

"Situmii dawa yoyote, sista," akaniambia. "Mimi nakunywa tu poda za jimu."

Nikamwomba aniletee zote. Kesho yake alikuja na mfuko. Mkebe wa kwanza ulikuwa wa protini. Wa pili ulikuwa wa kuamsha mwili kabla ya mazoezi. Wa tatu haukuwa na kibandiko chochote. Ulikuwa mkebe wa zamani uliojazwa unga mweupe aliopimiwa kwa kijiko na rafiki yake, akaambiwa ni wa kuongeza uzito.

Tukaketi na kalamu. Ule mkebe wa kuamsha mwili uliandikwa kwamba kijiko kimoja cha kupimia kina miligramu 200 za kafeini. Kafeini ndiyo ile inayopatikana kwenye kahawa na chai, inayofukuza usingizi. Yeye alikuwa akitumia vijiko viwili: hiyo ni 400. Jioni, kabla ya kubeba abiria wa usiku, alikunywa mikebe miwili ya kinywaji cha kuongeza nguvu, kila mmoja una kama 80: hiyo ni 160. Hapo tumefika 560, na chai ya asubuhi hatujaihesabu. Mtu mzima mwenye afya anashauriwa asizidishe miligramu 400 kwa siku nzima.

Mnaona, wapenzi wasikilizaji? Hakuna mkebe hata mmoja uliokuwa sumu. Lakini yeye alihesabu mikebe, na mwili ulihesabu kafeini. Na huyu ni mtu anayeendesha pikipiki usiku kwenye barabara ya Kakamega kwenda Webuye, amebeba mama ya mtu au mtoto wa mtu, mikono ikitetemeka.

Kisha tukahesabu protini. Protini ndiyo chakula kinachojenga mwili. Mtu mzima anahitaji kama gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Anayefanya mazoezi mazito anahitaji zaidi, kati ya gramu 1.2 na 2 kwa kila kilo. Kijana wetu ana kilo 64, kwa hiyo anahitaji kati ya gramu 77 na 128. Tuone sahani yake. Ugali wa siku nzima, ukitoka kwenye unga wa kama gramu 400, una protini gramu 32. Maharagwe yaliyoiva, gramu 300, yana kama 25. Glasi mbili za maziwa ni 16. Mayai matatu ni 18. Jumla ni gramu 91.

Kumbe sahani yake ilikuwa imeshatosha! Juu yake alikuwa akiongeza vijiko vitatu vya poda, kila kimoja gramu 24. Hizo 72 za ziada hazigeuki misuli kwa sababu tu zimemezwa. Misuli hujengwa na kazi, usingizi na chakula cha kutosha. Ziada mwili huichoma kama kuni au huiweka kama mafuta, na takataka zake hutoka kwa mkojo. Mwenye figo zenye afya anaweza kuvumilia. Yule ambaye figo zake zimeanza kuchoka kwa sababu ya sukari au presha anazibebesha mzigo. Na wengi hawajui kama figo zao zimechoka mpaka zipimwe.

Kwa hiyo nilimwambia hivi: ule mkebe usio na jina, tupa leo. Ule wa kafeini, acha. Wa protini, kijiko kimoja siku ambayo hukupata mayai wala maharagwe. Baada ya wiki mbili alirudi, mapigo yake yakiwa 76. Aliniambia kitu kilichomshangaza zaidi ni kwamba analala.

Nawaomba vijana wetu wafanye hesabu moja zaidi. Kijiko kimoja cha poda ya protini kina takriban protini ya mayai manne. Chukua bei ya mkebe, gawanya kwa idadi ya vijiko vilivyomo, halafu linganisha na bei ya mayai manne dukani kwako. Wengi wakimaliza hesabu hiyo, hurudi kwa kuku wa mama. Na wakati wa kumbikumbi, protini inaruka yenyewe mpaka mlangoni.

KWA WANARIADHA

Wako vijana wetu wanaokimbia, wanaocheza raga na kandanda kwa shule na klabu. Kwenu poda isiyojulikana ni hatari mara mbili. Katika nchi mbalimbali, wakaguzi wamewahi kukuta poda za mazoezi zilizochanganywa kwa siri na dawa zilizopigwa marufuku michezoni, bila kuandikwa kwenye mkebe. Sheria za michezo zinasema mwanariadha anawajibika kwa kila kinachopatikana mwilini mwake, hata kama hakujua. Hapa Kenya tuna sheria ya mwaka wa 2016 kuhusu jambo hili, na shirika la ADAK ndilo linalosimamia. Miaka ya jasho inaweza kupotea kwa kijiko kimoja cha rafiki.

Na wanaotumia kreatini, kiasi cha kawaida ni gramu 3 hadi 5 kwa siku, na maji ya kutosha. Ukienda kupimwa figo, mwambie daktari kwamba unaitumia, kwa maana inaweza kupandisha kipimo cha damu kikaonekana kama figo zina shida.

UNGA WA VITU KUMI NA VIWILI

Sasa tugeukie akina mama. Alikuja mama mmoja na mtoto wa miezi kumi. Mtoto anaharisha mara kwa mara na uzito haupandi. Nilipompima mkono kwa ule utepe wa rangi, ulisoma sentimita 12.1. Kijani huanzia 12.5. Kati ya 11.5 na 12.5 ni manjano, maana yake mtoto anaelekea kubaya. Chini ya 11.5 ni nyekundu.

Mama yule hakuwa mzembe. Alikuwa amejitahidi kuliko wengi. Alisaga unga wa uji wenye vitu kumi na viwili: mahindi, mtama, wimbi, mchele, ngano, muhogo, maharagwe, ndengu, soya, njugu, mbegu za maboga na omena. Juu yake akaongeza kijiko cha mlonge. Aliambiwa kadiri vitu vinavyokuwa vingi, ndivyo mtoto anavyopata nguvu.

Mama mpendwa, hapa ndipo tunapokosea wengi. Maharagwe mabichi yana kitu kinachochafua tumbo, nacho huondoka kwa kuchemshwa sana. Maharagwe ya githeri tunayachemsha saa nzima na zaidi. Je, uji unachemka kwa muda gani? Dakika ishirini? Ukisaga maharagwe mabichi kwenye unga, mtoto anakula maharagwe ambayo hayajaiva. Soya nayo lazima ichemshwe au ikaangwe kabla ya kusagwa.

Omena ni nzuri sana, lakini ina mafuta. Ikisagwa na kuwekwa kwenye unga wa mwezi mzima, mafuta yale huharibika, unga unanuka, na mtoto anaukataa. Njugu na mahindi yasiyokauka vizuri huota kuvu yenye sumu. Hatujasahau mwaka wa 2004, watu 125 walipofariki huko Ukambani kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Ukichanganya vitu kumi na viwili, kimoja tu kikiwa kimeoza, vyote kumi na viwili vimeoza, na huwezi kukitambua tena.

Na nafaka tano hazimpi mtoto mara tano ya nafaka moja. Tumbo lake ni dogo. Mtoto wa kilo saba anashiba kwa kama kikombe kimoja kidogo. Kilichomo ndani ya kikombe hicho kiwe kizito na kiwe kimeiva.

Basi fanya hivi. Chagua nafaka moja, kwa mfano wimbi, ambalo lina madini ya kalsiamu kwa wingi, zaidi ya miligramu 300 katika kila gramu 100. Chagua kitu kimoja cha kujenga mwili, kama soya iliyokaangwa au njugu safi zilizokaangwa. Pima vikombe vitatu vya nafaka kwa kikombe kimoja cha hicho kingine. Saga kidogo, wa wiki mbili. Pika uji uwe mzito, usitiririke kutoka kwenye kijiko. Omena isage peke yake, kidogo, na uitie kwenye mboga au viazi vilivyopondwa siku ile ile. Na maharagwe yapike yaive, kisha uyaponde. Mchana mpe ugali laini na mrenda, managu au mboga za kunde. Hivyo vyote havina mkebe, na vinakua nyuma ya jikoni.

Yule mama tulimfuatilia kila wiki. Mtoto aliacha kuharisha, na mwezi wa pili utepe ukasoma kijani.

PAKITI ZA KLINIKI

Wengine wenu mmepewa zile pakiti ndogo za unga wa vitamini na madini kwa watoto wa miezi 6 hadi 23. Ni nzuri, zitumieni jinsi mlivyoelezwa. Kwa siku isizidi pakiti moja. Unga huo hautiwi kwenye sufuria inayochemka, bali kwenye chakula kilichopoa kidogo, kiasi ambacho mtoto atamaliza, na akimalize ndani ya nusu saa. Usigawe pakiti moja kwa watoto wawili. Na kama mtoto wako yuko kwenye matibabu ya utapiamlo na anapewa ile siagi ya njugu ya hospitali, usimwongezee pakiti hizi. Siagi ile ina vitamini na madini hayo tayari. Ni yale yale ya kujumlisha.

MAMA MJAMZITO

Mama mjamzito, kliniki tunakupa kidonge kimoja kila siku chenye miligramu 60 za madini ya chuma na miligramu 0.4 za foliki. Halafu unapita dukani unanunua poda ya maziwa ya wajawazito, ambayo nayo ina chuma na foliki. Jirani naye anakuletea dawa ya maji ya kuongeza damu. Hivyo ni vitu vitatu, na kazi yao ni moja. Tumbo linakaza, unatapika, unachoka, na mwishowe unaacha vyote, pamoja na kile kidonge ambacho ndicho ulichohitaji.

Kuna jambo kubwa zaidi. Sisi tunaishi eneo la malaria. Kuanzia wiki ya 13 ya ujauzito tunakupa SP ya kukukinga, kila unapokuja kliniki, ikiwa mwezi umepita tangu ile ya mwisho. Foliki ikiwa nyingi, ikifika miligramu 5 kwa siku, inaipunguza nguvu SP. Unadhani umejiongezea damu, kumbe umeifungulia malaria mlango, na malaria ndiyo inayomaliza damu yenyewe. Pia vitamini A ya aina ya retinoli ikizidi, inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kwa hiyo mkebe wowote ulio nao, njoo nao kliniki. Hatutakugombeza. Tutausoma pamoja.

Na wazazi wote, vidonge vya damu viwekeni juu, mahali mtoto hafiki. Vidonge kumi vya miligramu 60 vinatosha kuhatarisha maisha ya mtoto wa kilo kumi. Vina rangi ya kupendeza, naye atadhani ni peremende. Na mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao tunao sana huku kwetu magharibi, asipewe poda wala dawa ya kuongeza damu yenye chuma bila daktari kusema.

PODA NA DAWA

Poda zenye kalsiamu, chuma, zinki au magnesiamu zinaweza kushikana na dawa tumboni, na dawa isiingie mwilini. Kama unatumia ARV zenye dolutegravir, meza dawa saa 2 kabla ya poda kama hiyo au saa 6 baada yake, au uulize muuguzi wako jinsi ya kuvitumia pamoja na chakula. Baadhi ya dawa za kuua viini, kama doxycycline na ciprofloxacin, nazo pia hazipatani na poda hizo. Hata chai: ukinywa pamoja na chakula inazuia chuma kuingia. Subiri saa moja.

MASWALI YA WASIKILIZAJI

Msikilizaji anauliza: "Nina presha na sukari. Naweza kutumia unga wa mlonge?" Jibu: majani ya mlonge kama mboga hayana neno. Lakini unga wake ukitumiwa kwa wingi unaweza kushusha sukari na presha, na dawa zako nazo zinashusha. Mambo mawili yanayoshusha, ukiyajumlisha, unaweza kuanguka. Mwambie daktari wako kwanza, na usiache dawa.

Mwingine anauliza: "Nikitia poda ya protini kwenye uji moto, inakufa?" La. Inashikana tu madonge. Ikoroge kwanza kwa maji baridi kidogo.

Mzee wetu mmoja anauliza kama mukombero uliosagwa unaweza kuchanganywa na poda ya protini ya mwanawe. Mzee, mukombero baba zetu walitafuna mzizi, kidogo, huku wakipiga hadithi. Kutafuna kipande ni tofauti na kula vijiko vya unga wa mizizi mingi. Endelea kutafuna kipande chako kwa furaha, na mkebe wa kijana mwachie kijana.

TUKUMBUSHANE

Wapenzi wasikilizaji, muda umetupa kisogo. Kabla ya kununua au kufungua poda yoyote, jiulize: Ndani yake kuna nini, na imeandikwa? Kitu hicho tayari ninakipata wapi, kwenye sahani yangu au kwenye mkebe mwingine? Na ninatumia dawa gani pamoja nacho? Ukikosa jibu, beba mikebe yako yote kwenye mfuko mmoja, uje kituo cha afya kilicho karibu, au umwonyeshe mhudumu wa afya ya jamii anayepita kwako. Ukisikia moyo unakwenda mbio, kifua kinauma, mkojo umekuwa wa rangi ya chai ya rangi, au umevimba uso na miguu, usingoje kesho. Acha poda na uje mara moja.

Wale wanaofuga fahali wa kupigana huku kwetu wanajua kwamba fahali halishwi kila anachopendekeza mpita njia. Mwenyewe anajua alichompa asubuhi kabla ya kumpa cha jioni. Mwili wako ni zaidi ya fahali.

Kabla ya kuongeza, jumlisha. Hadi tukutane tena, kaeni na afya njema. Mulembe.